Baadhi ya tovuti hazifunguki kwa intaneti ya nyumbani, lakini kwa bando la simu zinafunguka

Mhasibu_Kihonda:
Wakuu, habari za kazi. Ruta yangu ya zamani iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu, nikanunua nyingine dukani na kuingiza jina la mtumiaji na nywila nilizopewa na kampuni iliyonifungia faiba. Tangu hapo Google na YouTube zinafunguka bila shida, lakini tovuti ya benki ninayofanyia malipo ya wateja, pamoja na nyingine mbili tatu, alama ya kupakia huzunguka kwenye kichupo kwa dakika nzima huku ukurasa ukibaki mweupe. Nimefuta historia ya kivinjari, nimejaribu Chrome na Firefox, bila mafanikio. Mishahara ya watu inanisubiri, naomba msaada.

Msafiri_wa_Waya:
Pole sana, mkuu. Anza na DNS, ambayo ndiyo inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye kompyuta, kisha andika `ipconfig /flushdns` ili majina ya zamani yafutike. Ikishindikana, tumia VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine.

Mhasibu_Kihonda:
Ahsante, mkuu. DNS nimebadilisha na hali ni ile ile. Kwa VPN ya bure tovuti ya benki imefunguka, ila naogopa kuingiza nywila yangu humo.

Fundi_Bakari:
Una haki ya kuogopa, na tafadhali usiingize, kwa sababu hujui mwenye VPN hiyo ni nani. Hata hivyo umetupa dalili nzuri. Kama tatizo lingekuwa DNS, kivinjari kingekujibu kwamba anwani haikupatikana. Kwako kinaipata, kinaanza mazungumzo na seva, kisha kinakwama pale seva inapoanza kutuma pakiti kubwa, yaani vipande vikubwa vya data. Mimi nashuku MTU, yaani ukubwa wa juu kabisa wa pakiti inayoruhusiwa kupita njiani.

Waya wa kawaida wa mtandao hupitisha baiti 1500. Huduma inayodai jina la mtumiaji na nywila ndani ya ruta kwa kawaida hutumia PPPoE, utaratibu wa kuunganisha ruta na kampuni ya intaneti, ambao huchukua baiti 8 kwa ajili yake, zikabaki 1492. Pakiti inayozidi hapo inapokataliwa, seva inapaswa kupelekewa taarifa ili ipunguze, lakini tovuti nyingine, hasa zinazojilinda sana, huzuia taarifa hizo kwenye ngome zao za ulinzi (firewall), hivyo seva huendelea kutuma pakiti zile zile ambazo hazitafika kamwe. Google na YouTube hupona kwa kuwa mara nyingi hutumia njia mpya ya usafirishaji yenye pakiti ndogo, na VPN nayo huzipunguza pakiti kabla ya kuzituma.

Usiniamini kwa maneno tu. Zima VPN, fungua dirisha la amri la Windows, uandike `ping -f -l 1472 8.8.8.8`, halafu urudie kwa 1464. Amri hiyo hutuma pakiti nne za majaribio na kusubiri majibu. Ile `-f` inakataza pakiti isikatwe vipande, na ukijumlisha baiti 28 za vichwa vya pakiti utapata 1500 na 1492.

Mhasibu_Kihonda:
Kwa 1472 sikupata jibu hata moja kati ya manne. Kwa 1464 yamerudi yote manne.

Fundi_Bakari:
Basi ndipo penyewe. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya WAN (upande unaounganishwa na intaneti), utafute MTU. Nadhani utakuta 1500. Weka 1492, hifadhi, kisha uiwashe ruta upya. Kuanzia hapo ruta nyingi huiambia kila seva mapema isizidishe baiti 1452 za data katika pakiti moja.

Mhasibu_Kihonda:
Ilikuwa 1500 kweli. Nimebadilisha, na ukurasa wa benki umefunguka papo hapo bila VPN. Malipo ya kwanza yameshapita. Mungu akubariki, fundi.

Fundi_Bakari:
Amina. Iandike namba hiyo kwenye karatasi uibandike chini ya ruta, maana siku mtu akibonyeza kile kitufe cha kurejesha mipangilio ya kiwandani, itarudi 1500.