Muuguzi akichomwa sindano zamu ya usiku, PEP (dawa za kuzuia VVU) ziko kabatini na ufunguo uko nyumbani kwa mtu!

Wakuu, salamu baadaye. Mimi ni muuguzi hospitali ya wilaya. Mkoa sitaji, humu kuna watu kazi yao ni kuandika majina. Nina hasira, mtanivumilia.

Zamu ya usiku, wodi ya wanaume, wauguzi wawili, wagonjwa wanalala hadi chini. Saa tisa namtoa mgonjwa damu, nageuka kutupa sindano, sefti boksi limejaa mpaka mdomoni. Kila aliyepita chuo cha uuguzi anajua boksi likifika robo tatu linafungwa. Stoo hakukuwa na jingine, kwa hiyo watu walikuwa wanashindilia tu. Sindano ya mgonjwa mwingine, hata sijui wa nani, ilikuwa imechomoza pembeni. Ikapita glavu, ikaingia kidoleni.

Cha kufanya nakijua, wanafunzi nawafundisha mwenyewe. Maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, kisha PEP haraka. Mwisho ni saa 72, lakini ukichelewa hata ndani ya hizo, kinga inapungua. Nikamfuata daktari wa zamu. Jibu lake: "Dada, wewe si mwenzetu? Unajua hatari yenyewe ni ndogo. Subiri asubuhi CTC wafungue." CTC ndiyo kliniki ya wenye VVU.

Ndogo, sawa. Hata sindano iwe na damu ya mwenye VVU, wanaoambukizwa ni kama 3 kati ya 1,000. Hesabu hiyo nimewatulizia watu wengi nayo. Kaa wewe chini ya bomba umeshika kidole, uone kama itakutuliza. Na homa ya ini B je? Hiyo kwa asiye na kinga inaweza kufika hata 30 kwa 100, na hakuna aliyeitaja! Chanjo yake ni dozi tatu. Kuna wenzangu walichomwa ya kwanza, zilizobaki mpaka leo tunaambiwa "ziko njiani".

Kinachoniuma zaidi, dawa zilikuwepo. Zimo kabatini, kabati lina kufuli, ufunguo anao sista wa CTC, sista amelala kwake na simu imezimwa. Nikarudi wodini kumalizia zamu, nikagawa dawa za saa kumi na mbili kwa kidole hichohicho. Ningemwachia nani wodi nzima?

Asubuhi nikakaa benchi la CTC na yunifomu yangu, katikati ya watu ninaowahudumia. Mapokezi wanataka faili, faili sina, kwa sababu hapo mimi huwa ni wa kutafuta mafaili ya wengine. Naingia kwa mshauri nasaha, anafunika daftari: "Haya yote unayajua, nisikupotezee muda."

Jamani! Ninachokijua ni cha kumwambia mgonjwa. Usiku ule nilikuwa narudi kwa mume wangu na sikujua nianzie wapi. Nilitaka mtu anikalishe upande ule wa meza aniambie mimi, neno kwa neno, kama anavyoambiwa mama yeyote aliyetoka kijijini. Hilo la "mwenzetu" halijanipa hata dakika kumi za huduma. Limeninyang'anya tu.

Na siri ya mgonjwa nayo haikuwepo. Kabla ya saa sita mchana mpaka jikoni walishajua, watu wananiuliza koridoni, "Vipi, umeanza dozi?"

Dozi ni ya siku 28. Kichefuchefu kikanikamata, nikaomba ED, ruhusa ya kupumzika kwa ugonjwa, ya siku chache tu. Inchaji akaniambia, "Wagonjwa wa CTC wanalima nazo, wewe unashindwa kusimama wodini?" Nikaomba fomu ya ajali kazini, akacheka: "Sindano nayo ajali?" Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ipo tangu 2008, mama, kaisome.

Kipimo cha kwanza kimetoka salama. Cha wiki ya sita bado, na nikifika maabara nitapimwa na mtu ninayekula naye chai.

Sasa mlioko hospitali nyingine nijibuni, siasa pembeni: usiku dozi za kuanzia zenu zinakaa wapi, na ufunguo anashika nani? Nikisikia mahali zinakaa chumba cha dharura na msimamizi wa zamu anazitoa bila kupiga simu kwa mtu, barua ya uhamisho naandika wiki hii.