MJADALA: Vijana wa Mtwara wakipata mkopo wa studio, wanunue vyombo au wamlipe mtu mwenye masikio?

Mzawa wa Chikongola:

Wadau wa Kusini salama? Kuna vijana hapa Mtwara mjini wana kikundi chao, wanataka kuomba ule mkopo unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, lile fungu la vijana, wafungue studio ya muziki. Tangu walitaje hilo kwenye grupu letu la WhatsApp hapakaliki. Wengine wanasema safi kabisa, inunuliwe kompyuta ya maana, maiki ya maana, spika, chumba kivalishwe sponji, tuache kupanda basi kwenda Dar kila mtu akitaka kutoa nyimbo. Wengine wanasema huo ni upotevu, msimu wa korosho ukiisha na wateja wameisha, bora hela hiyo ilipe studio kubwa Dar watoke na albamu moja yenye kiwango. Ukiwasikiliza vizuri wote wanabishania vyombo, tofauti yao ni vyombo viwe vya nani tu.

Mi msimamo wangu nauweka mapema. Vyombo viwe vya mwisho kwenye orodha, hela kubwa iende kwenye muda na kwa mtu mmoja mwenye masikio, yaani anayesikia kipi kizuri na kipi kibovu, na ambaye hamwogopi msanii. Na mifano sitoi ya hapa kwetu manake tutaanza kutajana majina na kununiana, naenda kwa watu wa roki na pop wa ng'ambo ambao habari za albamu zao zilivyopikwa zinajulikana mpaka bei ya kanda.

Chukua mwaka 1982 peke yake. Mwezi wa kwanza Bruce Springsteen yuko kwenye nyumba aliyopanga New Jersey, ana kimashine cha kaseti cha TEAC chenye traki nne (njia nne za kurekodi sauti kila moja peke yake) na maiki mbili za kawaida, anarekodi mwenyewe, gitaa, harmonika na sauti, nia yake ilikuwa demo tu, wenzake wa bendi wasikie nyimbo zinaendaje. Wakaingia studio na bendi nzima wakazipiga, wakarudia, lakini nyingi kila wakilinganisha wanaona ile ya nyumbani inawashinda, ina upweke fulani ambao studio ilishindwa kuutoa. Kaseti yenyewe jamaa alikuwa anatembea nayo mfukoni haina hata kava! Mwisho ikatoka hivyohivyo, ndo albamu ya Nebraska, mwezi wa tisa mwaka huohuo.

Sasa mwaka huohuo Los Angeles, studio za Westlake, Michael Jackson, prodyuza wake Quincy Jones na injinia Bruce Swedien wanapika albamu ya Thriller kwa bajeti ya kama dola 750,000. Hapa mtu wa "vyombo kwanza" anaruka juu, si umeona. Subiri kwanza, tuangalie hela hiyo ilinunua nini. Nyimbo ni 9 tu. Kwenye Billie Jean Swedien alimwimbisha Michael baadhi ya sauti za nyuma kupitia bomba refu la kadibodi, kadibodi jamani, kitu unakiokota nyuma ya duka la vitambaa. Wimbo huohuo wakaumiksi, yaani kusawazisha sauti zote pamoja, mpaka miksi ya 91, halafu Quincy akasema hebu turudi kwenye ya pili, na ya pili ndo tunayoisikia mpaka leo harusini. Na kazi ilipofika mwisho, kampuni inataka kanda, muda umekwisha, wakakaa kusikiliza albamu nzima wakakuta inasikika vibaya, walikuwa wamejaza dakika nyingi mno kila upande wa santuri na mlio ukawa mwembamba. Wakagoma kuitoa. Wakapunguza urefu wa nyimbo na kuzimiksi upya moja moja. Kwa maoni yangu hapo ndo dola zilipofanya kazi, kuwapa watu jeuri ya kusema hii bado wakati tarehe imeshapita. Hakuna kifaa kinachokufanyia hivyo.

Halafu muda wenyewe si lazima uwe muda wa studio, hili watu hawalioni kabisa. The Beatles tarehe 11 Februari 1963 waliingia studio za EMI pale Abbey Road London asubuhi na usiku wakatoka na nyimbo 10 kati ya 14 za albamu yao ya kwanza. Siku moja! Lakini kabla ya siku hiyo walishapiga usiku kwa usiku kwenye vilabu vya Hamburg na Liverpool kwa miaka, nyimbo zilikuwa mikononi tayari, wameenda kuzimwaga tu. Miaka minne baadaye wameacha kabisa kuzunguka kwenye matamasha, wanakaa studio hiyohiyo karibu miezi mitano kwa ajili ya albamu ya Sgt. Pepper, na mashine ilikuwa ya traki nne. Simu yako hiyo ya mkononi ina programu yenye traki nyingi kuliko hizo. Walikuwa wakijaza nne wanazikusanya kwenda kwenye mashine nyingine ili wapate nafasi, na ukishakusanya huwezi kurudi nyuma kupunguza drams, kwa hiyo kila hatua lazima uamue. Anayeamua nao ni prodyuza wao George Martin, mtu aliyesoma muziki, kabla yao alikuwa anarekodi hata santuri za vichekesho.

Kinyume chake ni bendi ya Guns N' Roses na albamu yao Chinese Democracy, zaidi ya miaka kumi, gharama inayotajwa ni dola milioni 13, ikatoka 2008 na watu wengi hata hawajui kama ilitoka. Vyombo vyote duniani walikuwa navyo. Wa kumwambia mwimbaji wao Axl Rose "basi, imetosha" ndo hakuwepo.

Haya karibuni, mnipinge kwa hoja lakini.

Prodyuza Mitwero, Lindi:

Kaka umeandika vizuri ila umeandika kama mtu asiyeshinda studio. Mi nina kachumba kangu huku Lindi, nikuulize, mvua ikipiga bati unarekodi sauti gani? Jenereta la jirani je? Umeme ukikatika katikati ya teki nzuri kuliko zote? Mteja akishalia mara moja halii tena kwa namna ileile. Ndo maana vijana wanataka sponji na betri ya akiba, siyo ushamba.

Na hiyo Nebraska unaisimulia nusu. Ile kaseti ilirekodiwa mlio ukiwa chini mno, kuihamishia kwenye santuri iliwasumbua kwelikweli, wakazunguka kwa mafundi mpaka ikapatikana namna ya kuikata. Kwa hiyo nyuma ya kaseti ya mfukoni kulikuwa na vyumba vya gharama. Billie Eilish, yule binti mwimbaji wa Marekani, ni vilevile, watu wanapenda kusema albamu ya 2019 iliyopata Grammy kubwa 2020 ilitengenezwa chumbani kwa kaka yake Finneas, kweli, lakini miksi alifanya Rob Kinelski na masta, ile kazi ya mwisho ya kung'arisha mlio kabla ya kutoa, akafanya John Greenham, hao siyo watoto wa mtaani wenye laptopu ya kuazima.

Na kuna muziki bila vyombo haupo kabisa. Freddie Mercury, mtu wa Unguja kwa kuzaliwa, 1946, yeye na bendi yake Queen walipanga sauti zao kwenye Bohemian Rhapsody tabaka juu ya tabaka mwaka 1975 mpaka kanda ikachubuka ukiishika unaona mwanga upande wa pili. Hiyo ilikuwa kwenye mashine ya traki 24. Nenda kaifanye na kimashine cha Springsteen uje utuambie.

Mzawa wa Chikongola:

Prodyuza nakuheshimu, bati na jenereta umenishika, betri ya akiba iwemo hata mi naisaini. Ila hao Kinelski na Greenham uliowataja ni watu. Watu wenye masikio, waliolipwa. Umeniletea shahidi wangu mwenyewe.

Queen sawa. Lakini ongeza na hili, kwenye makava ya albamu zao za mwanzo waliandika kwa kujisifu kwamba hawakutumia sinthesaiza, kinanda cha umeme cha kutengeneza milio. Walikuwa na mashine zote pale na wakachagua kujinyima moja. Na upande wa pili bendi ya Nirvana walirekodi albamu yao Bleach huko Seattle kwa prodyuza Jack Endino kwa dola 606 na senti 17, ikatoka 1989. Endino yuleyule angekuwa na chumba kibovu zaidi nadhani bado angetoa kitu.

Prodyuza Mitwero, Lindi:

"Nadhani" 😂 haya.

Mzee wa Besi, Masasi:

Wanangu hamjambo. Nimewasoma. Sisi enzi zetu hatukuwa na mjadala huu, mlikuwa mnakwenda Dar, Radio Tanzania, bendi nzima inaingia chumba kimoja, waimbaji kwenye maiki zao, magitaa, drams, tarumbeta nyuma kidogo zisiwafunike watu, fundi mitambo anawasha na mnapiga wimbo mwanzo mwisho kwa pamoja. Tarumbeta akikosea mnaanza wote upya na wote mnamwangalia yeye. Ndiyo zile rekodi za Mlimani Park na Vijana Jazz mnazochezea mpaka leo. Swali langu ni moja, mnabishana studio, bendi iko wapi? Kijana anakuja na biti, anaimba mistari miwili miwili, mashine inaunganisha. Kumleta mtu wa masikio aje asikilize nini?

Na habari ya studio mbovu, mwaka 1973 Paul McCartney, yule aliyekuwa The Beatles, alipeleka kundi lake la Wings Lagos, studio ya EMI pale Apapa, akidhani anakwenda pwani kupunga upepo. Kabla ya safari wawili wa bendi wakamtoroka, mpiga drams mmojawao. Kufika, studio ina upungufu. Akatembea usiku na mkewe wakaporwa kwa kisu, zikaenda na kanda za demo. Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, naye akamshutumu kwamba amekuja kuiba muziki wa Waafrika, ikabidi amsikilizishe nyimbo athibitishe hakuna cha Nigeria humo. Akapiga drams mwenyewe. Akamalizia kazi nyingine London, na albamu hiyo, Band on the Run, ikamrudishia heshima yote. Alikuwa anajua kupiga, basi.

Mzawa wa Chikongola:

Shikamoo mzee wangu. Hoja ya bendi sina cha kuijibu haraka, ila ndo palepale, muda. Vijana wafanye mazoezi miezi kadhaa kwenye uwanja wa nyumba ya mtu Mkanaledi bure kabisa kabla ya kugusa senti ya mkopo.

Binti Mikindani:

Shikamoo ya mzee mmeichelewesha, na mi namwamkia, shikamoo baba. Sasa kaka zangu wote mmeongelea mlio, hakuna hata mmoja aliyeongelea karatasi, yaani mikataba. Fela alikuwa anauliza swali la maana hata kama kwa McCartney alikosea mlango.

Mwezi wa kwanza 1973 mwimbaji Clare Torry aliitwa Abbey Road na bendi ya Pink Floyd, akaambiwa imba lakini usiimbe maneno, akaimba teki chache, akalipwa pauni 30 akaondoka zake. Ile sauti ikawa moyo wa wimbo mzima kwenye The Dark Side of the Moon, albamu iliyouza mamilioni kwa mamilioni. Mpaka 2004 akaenda mahakamani, 2005 wakamalizana nje, ndo jina lake likaandikwa kama mtunzi mwenza. Miaka thelathini na!

Paul Simon naye, mwanamuziki wa Marekani, 1985 kaenda Johannesburg kurekodi na wanamuziki weusi wakati Umoja wa Mataifa ulishaweka mgomo wa kiutamaduni dhidi ya serikali ya makaburu, ANC wakamjia juu. Utetezi wake ni kwamba aliwalipa wanamuziki mara tatu ya kiwango cha New York, na kweli waimbaji wa Ladysmith Black Mambazo wa Afrika Kusini walifika dunia nzima kupitia albamu yake hiyo ya Graceland. Mi binafsi bado naona alipaswa kuomba ruhusa kwanza, tutabishana siku nyingine. Lakini angalau watu walijua wanalipwa nini kabla ya kupiga.

Sasa studio yetu hii ikianzishwa, siku wamemleta bibi wa sindimba kutoka Newala aje apige vigelegele na kuitikia mara moja, halafu wimbo ukaenda mjini, bibi anapata nini? Soda na nauli? Mi nasema hela ya kwanza kabisa itoke kwa mtu wa kuandika mikataba ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na kazi zikasajiliwe Ofisi ya Hakimiliki, ndo tuongee maiki.

Prodyuza Mitwero, Lindi:

Dada hapo umetugusa wote, hata mi wateja wangu hatuandikiani. Wengi tumezoea "tutaelewana".

Mwanakikundi:

Habari za humu. Mi ni mmoja wa hao vijana mnaotujadili, asanteni. Betri, mazoezi na mkataba tumeandika. Ila kaka wa Chikongola unasema tumlipe mtu mwenye masikio, mkopo hauna riba lakini marejesho yapo kila mwezi na maofisa wanataka kuona kitu cha kushika, ukiwaandikia "masikio" wanarudisha andiko. Na akija huyo mtu tumlipe kwa wimbo au kwa siku?

Mzawa wa Chikongola:

Kwa siku mdogo wangu, na mkubaliane kabla kwamba ana ruhusa ya kukataa wimbo. Ukimlipa kwa wimbo atakumalizia nyimbo nne kabla ya adhuhuri na zote atasema kali. Kwenye andiko muiite "mafunzo ya uzalishaji wa muziki", si uongo, mtajifunza kwake. Na kompyuta iwepo, moja, ya kawaida, mkaguzi akija apate cha kupiga picha. Marejesho yatoke kwenye matangazo ya maduka na kwaya, kwaya ndo zinalipa huku. Prodyuza wa Mitwero we ungekuja kwa siku shilingi ngapi? Sema hapahapa watu wasikie.

Prodyuza Mitwero, Lindi:

Nije Mtwara na umeme wenu? Nauli mnatoa nyie kwanza, halafu njooni inbox.