Supavaiza amezungushia "delve" karibu kila ukurasa, naombeni ushauri

Mwaloni_Girl (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Naombeni msaada, hasa mlio walimu wa Kiingereza, wahariri na mlioko nje. Nasoma shahada ya uzamili. Utafiti wangu unahusu akina mama wanaouza dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza: mtaji wanaupata wapi, nani anawakopesha, na inakuwaje unakata kila mbalamwezi inapoingia na mitumbwi inapaki.

Supavaiza kanirudishia sura ya kwanza. Hoja hajaigusa kabisa. Alichofanya ni kuzungushia "delve" kwa wino mwekundu kila alipoikuta, na pembeni ya ukurasa wa kwanza kaandika "AI?", yaani eti nimeandikiwa na mashine. Basi, hamna maelezo mengine. Sentensi iliyoanzisha balaa ni hii:

"This study seeks to delve into the factors influencing access to capital among women dagaa traders at Kirumba, Mwanza."

Neno hili ninalo tangu sekondari. Mwalimu wetu alikuwa anasema ukijaza "study" na "look at" kila mstari mtahini anachoka. Sijanakili popote na sijamwandikisha roboti.

Ninachotaka kujua: wenye lugha yao wanalitumia wakati gani? Lina tofauti gani na "dig", "probe", "investigate" na "look into"? Na Alhamisi nikiingia ofisini kwake, niwe nimeliondoa nikae kimya, au nilitetee?

Nawasilisha.

Kipanga Mzee

Liondoe. Shahada ni yako, kamusi si yako. Umemaliza.

Mwalimu wa Chaki

Kipanga, acha mtoto wa watu apate elimu.

Dada, "delve" kwa asili ni kuchimba ardhi kwa sepeto, kazi ya shamba kabisa. Mwaka 1381 wakulima wa Uingereza walipoasi kwa sababu ya kodi, padri John Ball aliwahubiria kwa maneno ambayo hadi leo yanakumbukwa: "When Adam delved and Eve span, who was then the gentleman?" Yaani Adamu alipokuwa akilima na Hawa akisokota uzi, bwana mkubwa alikuwa nani? Siku hizi huwezi kumkuta Mwingereza akisema ana-delve bustani yake. Kilichobaki ni "delve into", kuzama ndani ya jambo: kumbukumbu za zamani, historia ya ukoo, siri za mtu. Ni neno la maandishi. Lina harufu ya maktaba.

"Dig" ndilo la kila siku, la shimo na la habari pia. "Investigate" lina utaratibu ndani yake, polisi na watafiti wanalipenda. "Probe" ni la magazeti, linapendwa kwa sababu ni fupi na linaenea kwenye kichwa cha habari. Kwenye tasnifu utaonekana unawachunguza akina mama wa dagaa kwa wizi.

Binti wa Leicester

Niko huku miaka kadhaa, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, kwa hiyo nasikia Kiingereza cha watu wa kawaida asubuhi hadi jioni. "Delve" mdomoni mwa mtu ni nadra sana. Aliyewahi kuniambia ni bibi mmoja ninayemhudumia, alikuwa amepoteza miwani akawa anapekua mkoba wake, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, akaniambia amekuwa "delving about in here" tangu chai. Nikajua kumbe linatumika hata kwa mkoba. Wenzangu wa zamu wao wangesema "digging" au "rummaging".

Ukipeleka malalamiko kwa meneja atakujibu "I'll look into it". Usishangilie ukisikia hivyo. Huyo ni ndugu wa damu wa "tutalifanyia kazi" ya ofisi za kwetu.

Na ukialikwa chakula ukasikia "dig in", usitafute jembe, ni "karibuni tule". "Dig up" sasa, hiyo ni kufukua makaburi, mtu anarudisha mambo yaliyokwisha kuzikwa.

Wa Mutukula

Ukivuka mpaka ukaja kwetu Uganda, "dig" ni kulima tu. Mtu akikwambia asubuhi "I'm going to dig" ameshika jembe anaenda kwenye mihogo. "My mother digs" ndiyo kazi ya mama, mkulima. Huyo Adamu wa mwalimu angeelewana vizuri sana na watu wa Masaka.

Naivasha Boy

Salamu kutoka Kenya. Dada pole, lakini hauko peke yako, hii vita ina historia. Aprili 2024 Paul Graham, yule tajiri wa Marekani anayewekeza kwenye kampuni changa za teknolojia, aliandika mtandaoni kwamba ametumiwa barua pepe ya kuombwa ashiriki mradi, kisha akaona ndani kuna neno "delve". Kwa maana nyingine, barua imeandikwa na mashine. Wanaijeria wakamwamkia! Wakamwambia hilo neno wao wanalitumia tangu shule, na Kiingereza chao hakikuletwa na ChatGPT. Wakenya nao wakaingia.

Hata huku ukiandika insha ya Kiingereza darasa la saba bila msamiati mzito, ulikuwa unarudishiwa karatasi imejaa nyekundu. Sasa watu haohao wamekua, wanaambiwa msamiati mzito ni wa roboti. Tushike lipi?

Halafu ninyi mnajua kwamba Wakenya ndio walioifundisha hiyo mashine? Kwa nini isiongee kama sisi?

Jicho_la_Tatu

Naivasha, hapo mwisho umeunganisha nyaya ambazo bado hazijaunganishwa. Kilichoandikwa na jarida la TIME Januari 2023 ni kwamba vijana wa Nairobi walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuweka alama maandishi machafu, ya ukatili na udhalilishaji, ili mashine ijifunze kuyakwepa. Ilikuwa kazi ya kuumiza akili, na nina rafiki aliyefanya kazi ya aina hiyo hajapona vizuri. Ila kusoma uchafu siyo kuifundisha mashine kuandika "delve". Kuna waliokisia kwamba wakaguzi wa majibu kutoka Afrika ndio walioipendelea lugha hiyo. Ni dhana, haijathibitishwa. Dada asiende nayo ofisini kwa supavaiza, ataulizwa chanzo.

Fundi wa Kariakoo

Rahisi tu. Pitisha sura yako kwenye programu za kupima AI, zipo za bure. Ikitoka asilimia ndogo, printi umwekee mezani.

Jicho_la_Tatu

Fundi usimpoteze mwenzako. Watafiti wa Stanford walichukua insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye vipima 7. Kwa wastani zaidi ya nusu zilihukumiwa kuwa za mashine, wakati insha za wanafunzi wa Kimarekani zilipita karibu zote salama. Hiyo ilichapishwa 2023. Mwaka huohuo OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT yao, walizindua kipima chao Januari, na Julai wakakiondoa kwa sababu kilikuwa kinakosea mno. Sasa akienda na karatasi ya kipima ikasema asilimia 70, atakuwa amejifunga kamba mwenyewe.

Fundi wa Kariakoo

Duh. Naondoa hoja.

Dk. Asiye na Sindano

Nimeusoma uzi kuanzia juu. Mimi nafundisha chuo, kwa hiyo niko upande wa pili wa hiyo kalamu nyekundu, na nitajaribu kuwaeleza mwenzangu ameona nini.

Wasiwasi wake haukutoka hewani. Dmitry Kobak na wenzake walipitia mihtasari zaidi ya milioni 15 ya makala za tiba na biolojia zilizoko PubMed, ile hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, kuanzia 2010 hadi 2024. Mwaka 2024, baada ya ChatGPT kuingia, "delves" lilipanda zaidi ya mara 20 kuliko ilivyotarajiwa. Walikadiria kwamba walau asilimia 13.5 ya mihtasari ya 2024 ilipitia mikononi mwa mashine za aina hii. Ukishaona mchoro ule, kila "delve" inakugonga jicho. Tatizo ni kwamba takwimu hiyo inazungumzia rundo la mamilioni. Haiwezi kukwambia kitu kuhusu ukurasa wa binti mmoja wa Mwanza, na mwalimu anayeandika "AI?" bila kumwita mwanafunzi wakaongea anakwepa kazi. Hilo nalisema wazi.

Lakini dada, mimi hiyo sentensi ningeizungushia hata mwaka 2015. Isome tena. "Seeks to delve into the factors influencing access to capital." Ondoa "Kirumba" uweke "Iringa", ondoa "dagaa" uweke "vitunguu", haidhuriki popote. Wanafunzi wangu nusu wanaanza hivyo, wengine kwa "delve", wengine "explore", wengine "examine". Ukibadilisha "delve" ukaweka "investigate" umebadilisha shati tu.

Sasa rudi kwenye ulichotuandikia kwa Kiswahili mwanzoni mwa uzi. Mtaji unapatikana wapi, nani anakopesha, na kwa nini unakata mbalamwezi ikiingia. Hilo ndilo swali la utafiti, na ni zuri. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa, siku za mwanga mkubwa wa mwezi samaki hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inalala, mama hana mzigo lakini rejesho la mkopo halijui mwezi. Hayo yote unayajua, na kwenye sura yako ya kwanza hayamo! Kiingereza kimeyameza.

Mwalimu wa Chaki

Daktari amegusa penyewe.

Mwaloni_Girl (mleta uzi)

Dk. nashukuru sana, umenichoma lakini nimeelewa. Kwa kweli mama yangu mdogo anauza pale, ndiyo maana nayajua. Niliogopa kuyaandika nikaona kama si ya kisomi.

Kuna aliyeniuliza faragha kama nina ushahidi. Ninalo daftari, sura yote niliiandika kwa mkono kwanza, na mistari niliyokata inaonekana. Kwenye kompyuta nina rasimu za tarehe tofauti.

Nimejaribu upya, niangalizieni: "This study investigates into how women dagaa traders at Kirumba raise capital when the boats stay ashore around the full moon, and who lends to them."

Mwalimu wa Chaki

Safi, ila toa "into" hapo. "Investigate" inashika kitu moja kwa moja: "investigates how". Hiyo "into" inakuja ukiwa na nomino, "an investigation into". Ni kosa letu sote, ni mtoto wa baba mmoja na "discuss about". "Look", "delve" na "dig" ndizo zinazohitaji "into".

Binti wa Leicester

Mimi ningeweka "asks how". Fupi, na hakuna roboti atakayekudai.

Kipanga Mzee

Kwa hiyo mwisho wa siku "delve" limeondoka, kama nilivyosema mimi kwenye mstari mmoja.

Dk. Asiye na Sindano

Kipanga, umepata jibu sahihi bila kuonyesha njia. Mtihani wangu ungekupa maksi moja.

Dada, Alhamisi usianze na "delve". Mpe sentensi mpya kwanza, muulize kama sasa swali linaonekana. Daftari liwe kwenye mkoba. Ukiulizwa kuhusu AI, mwekee mezani mpitie pamoja, kwa heshima, bila kupandisha sauti. Asipouliza, liache humohumo. Na usimwambie habari za Stanford isipokuwa yeye aje na asilimia za kipima.

Naomba kuuliza kitu kimoja. Umepanga kukaa uwandani muda gani?

Mwaloni_Girl (mleta uzi)

Wiki mbili za Julai, Dk. Bajeti ndiyo hiyo.

Dk. Asiye na Sindano

Zinaangukia giza au mbalamwezi?

Mwaloni_Girl (mleta uzi)

Sijaangalia kwa kweli.

Dk. Asiye na Sindano

Basi hapo ndipo atakapokubana, siyo kwenye kitenzi. Wiki mbili zote zikiwa za giza utawakuta akina mama wana mzigo na wana pesa, na hutaona mkopo unavyouma. Gawanya: wiki moja mitumbwi ikiwa majini, nyingine ikiwa imelala, hata kama ni lazima upande basi mara ya pili. Nauli iingize kwenye bajeti kabla ya Alhamisi.

Mwaloni_Girl (mleta uzi)

Mama mdogo anasema hahitaji kalenda, nimpigie tu simu atanihesabia. Naipanga upya usiku huu.