Tupeane uzoefu: programu ya data inayokokota kwenye kompyuta za zamani zilizoshea neti

Mwanzisha uzi, Mbeya mjini
Wakuu habari za jioni. Natunza kumbukumbu za SACCOS yetu hapa Mbeya, wanachama wengi ni wakulima wa viazi na wafanyabiashara wadogo wa Mwanjelwa. Ofisi ina mashine tano, mbili zina Windows XP, mbili Windows 7, moja ndo ina Windows 10. Programu ya akiba na mikopo ilitengenezwa zamani kwa Access, ile programu ya Microsoft ya kutunza data, na kijana mmoja fundi kweli ila kashahama mkoa, faili lote linakaa kwenye mashine ya mhasibu ambayo ni XP, sisi wengine tunalifungua kupitia folda iliyosheawa. Mtu mmoja akiwa peke yake asubuhi inakwenda vizuri tu, wakifika watatu basi, unabonyeza jina la mwanachama unakaa unaangalia kioo. Na ile ya Windows 10 haioni kabisa hiyo folda, inaleta kosa.

Ijumaa kuna mama katoka Isyonje kufuata hela ya mbegu, kakaa dirishani karibu saa nzima kwa muamala mmoja, na mvua ilikuwa imeshaanza. Iliniuma sana. Sasa bodi wanataka tununue mashine tano mpya, na hela yenyewe ndo hiyohiyo ya kukopesha watu. Kabla hawajapitisha naomba aliyepitia hali kama hii aeleze alichofanya kwa mkono wake na kilichotokea, hata kama kilishindikana.

Fundi wa Uyole
Pole mkuu. Usinunue kitu bado. Chukua faili lolote la kama MB 100, likopi kutoka mashine ya mhasibu kuja kwako huku unaangalia saa. Neti ya mia, yaani Mbps 100, ikiwa nzima hilo faili linafika kwa sekunde kama kumi hivi, ikichukua dakika ujue programu unaisingizia, shida iko njiani. Alafu likopi faili la Access lenyewe kwenye mashine ya mhasibu, fungua hiyo kopi hapohapo bila neti. Ikikimbia, tatizo ni njia. Ikikokota hata hapo, tatizo ni faili au mashine.

Mimi nilipigiwa simu na duka la pembejeo, kaunta tatu, wakati wa mbolea foleni iko mpaka nje. Walishabadilisha RAM, walishapiga Windows upya, hakuna kilichobadilika. Nikapima kukopi nikaona inasuasua, nikafungua mipangilio ya kadi ya neti ya ile mashine yenye data nikakuta mtu aliilazimisha mia dupleksi kamili, wakati swichi yenyewe, kile kisanduku kinachounganisha waya za mashine zote, imeachwa ijitegeshe. Hapo upande mmoja unaongea na kusikiliza kwa wakati mmoja, mwingine unashindwa kupatana nao unaangukia nusu dupleksi, wanagongana siku nzima na taa zinawaka kijani kama kawaida kwaio huwezi kushtuka. Nilirudisha kadi kwenye kujitegesha, nikawasha upya, kwisha. Sikuuza hata waya siku ile.

Mdau wa Mafinga
Kamwene wadau. Yangu ilikuwa kwenye yadi ya mbao. Vumbi la mbao ni kitu kingine jamani, linaingia kwenye feni mpaka linashikana kama blanketi, kila baada ya miezi miwili napuliza. Basi mashine yenye data, XP, ikawa mtu akifungua orodha ya mizigo hata mshale wa mausi unaruka ruka, prosesa iko mia kwa mia na hakuna programu nyingine iliyofunguliwa. Nilihangaika wiki nzima na Access bure.

Kumbe ni diski. XP ina tabia moja, diski ya IDE, zile za zamani za waya wa utepe, ikikosea kusafirisha data mara zaidi ya sita mfumo unaitoa kwenye DMA, ambayo data inapita bila kuisumbua prosesa, unaipeleka PIO, na PIO maana yake prosesa ndo inabeba kila kitu kwa mikono yake. Na hairudi yenyewe hata ukizima ukawasha. Nenda kwenye orodha ya vifaa (Device Manager), fungua ile chaneli ya kwanza ya IDE, angalia hali ya usafirishaji imeandikwa nini. Mimi ilikuwa PIO. Nilibadilisha ule utepe wa IDE maana ulikuwa umelegea, nikaiondoa chaneli kwenye orodha, nikawasha upya ikajisoma tena ikarudi DMA, mashine ikawa kama imefufuka.

Ila msiishie hapo. Nilijiuliza kwa nini ilikosea mara zote hizo, nikaweka CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, nikaona sekta zilizohamishwa, yaani vipande vya diski vilivyoharibika, zinaongezeka kila siku. Diski ilikuwa inakufa. Nilihamisha kila kitu usiku ule ule, na wiki ya pili ile diski haikuwaka tena. Ningeridhika na mwendo tu, madeni ya wateja wote yangepotea.

Karani wa kahawa, Mbozi
Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huku Mbozi, sio fundi, naomba mnisikilize hivyo hivyo. Kaka wa Mbeya, swali la kwanza, je kila mtu ana kopi yake ya fomu au wote mnafungua faili moja? Sisi wote tulikuwa tunafungua moja. Msimu wa kahawa ukifika wakulima wanaleta kila siku, tunapima, tunaandika kilo, tunatoa stakabadhi, watu wanne wako ndani ya faili lile lile. Siku moja umeme ukakatika katikati ya kuandika, uliporudi Access ikasema haitambui hilo faili. Nakumbuka mikono ilikuwa inatetemeka. Bakapu ya mwisho ilikuwa ya siku mbili nyuma, tukakaa na vitabu vya stakabadhi tukaingiza upya mkulima mmoja mmoja mpaka usiku, maana kilo za mtu ni ada ya mtoto wake, huwezi kukadiria.

Baada ya pale tulipata kijana akatusaidia hivi. Aligawa faili mara mbili, majedwali yenye data yakabaki peke yake kwenye mashine kuu, fomu na ripoti zikawa faili lingine na kila mtu akawekewa kopi yake kwenye mashine yake. Hiyo tu ilipunguza mzigo sana kwa sababu fomu hazisafiri tena kwenye waya kila ukizifungua. Pili, picha. Tulikuwa tumepachika picha ya pasipoti ya kila mkulima ndani ya jedwali, faili likafika GB 1.7, na mwisho wa Access ni GB 2, likifika hapo halipokei tena. Akazitoa picha akaziweka kwenye folda, kwenye jedwali ikabaki njia ya faili tu. Alafu akalikompakti, yaani akaiambia Access ilibane faili iondoe nafasi tupu, tukabaki na MB 90 na kitu.

Angalizo dada yenu nawapa, kabla ya kukompakti watu wote watoke, na kopi ipatikane kwanza kwenye flashi. Angalia kale kafaili ka .ldb kanakokaa pembeni ya data, kama bado kapo ujue kuna mtu hajatoka, au mashine yake ilizimika vibaya. Na kila mtumiaji awe na ruhusa ya kuandika na kufuta kwenye folda nzima, sio kusoma tu, la sivyo hako kafaili hakatengenezwi vizuri na wenzake wanafungiwa nje.

Mwalimu, Iringa
Naongezea kwa nini inakuwa hivyo maana wengi wanadhani mashine yenye faili ndo inafanya kazi. Hapana. Access haina seva inayofikiri, mashine yako ndo inasoma faili kupitia waya. Ukitafuta jina kwenye jedwali lisilo na indeksi ni sawa na kumtuma mtoto stoo akuletee gunia zima la mahindi ili wewe uchague ya mbegu ukiwa jikoni. Indeksi inamwezesha kuleta kile kibaba unachotaka. Sisi matokeo ya mitihani yalikuwa yanachukua dakika nzima kwa mwanafunzi mmoja, namba ya mtahiniwa ilikuwa haina indeksi kwenye jedwali la alama, tukaiweka, inatoka papo hapo. Weka kwenye kila safu unayotafutia na inayounganisha majedwali, usiweke kila mahali maana kuandika kutapungua kasi.

La pili kwetu lilikuwa antivairasi, ilikuwa inalikagua faili zima kila mtu anapoligusa. Tuliiambia iliruke hilo folda la data peke yake.

Mhudumu wa zahanati, Kyela
Mugonile. Langu fupi. Msifungue Access kwa Wi-Fi. Sisi tulikuwa na laptopu moja kwa Wi-Fi na nyingine kwa waya, mtandao ukipepesa sekunde mbili faili linavurugika, mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Tulivuta waya mita kama thelathini, haijavurugika tena mpaka leo.

Fundi wa Njombe
Mimi nitapingana kidogo na wale ambao kila siku husema tatizo ni Access hamieni SQL, yaani hifadhidata yenye seva inayofikiri. Nilihamisha ofisi moja kwenda SQL Server Express, ni ya bure, matoleo ya 2008 R2 mpaka 2022 yanabeba mpaka GB 10, nikawaahidi itaruka. Haikuruka. Fomu zilikuwa bado zinafungua jedwali zima la wateja kisha ndo zinachuja, kwaio gunia lilikuwa linasafiri vilevile. Ilibidi nirudi kubadilisha fomu moja moja ziulize mteja kwanza ndo zilete rekodi. Nilipaswa kuanza na hilo kabla ya kuwatoza hela ya kuhama, na niliwaambia hivyo.

Kuhusu Windows 10 kutoona XP, hiyo sio bovu. XP inajua SMB 1 tu, ile lugha ya zamani ya kushea mafaili kwenye neti, na Windows 10 kuanzia toleo la 1709 la mwaka 2017 haiji na SMB 1 au inaiondoa yenyewe isipotumika. Watakwambia uiwashe, usiiwashe, ndo mlango uliopitiwa na WannaCry, kile kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai hela, Mei 2017. Fanya hivi, data itoe kwa mhasibu uiweke kwenye mojawapo ya hizo Windows 7, yenyewe inaongea zote mbili, XP zitaingia kwa lugha ya zamani na Windows 10 kwa mpya. Hakikisha hiyo 7 ina marekebisho ya usalama ya Machi 2017, na hizo XP zisiguse intaneti kabisa, msaada wake uliisha Aprili 2014. Ni dawa ya muda, XP zitolewe taratibu kadiri hela inavyopatikana.

Mdau wa Makambako
Swali, sisi mtu akienda kunywa chai akirudi ya kwanza inachelewa sana alafu inakuwa kawaida, hiyo ni nini?

Fundi wa Njombe
Windows inayoshea huwa inakata muunganisho uliokaa kimya dakika 15. Kwenye mashine yenye data fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike net config server /autodisconnect:-1. Na angalia kadi za neti zisiwe zimeruhusiwa kuzimwa ili kuokoa umeme. Kingine kinachosaidia, fomu ya kwanza iache imefungua jedwali dogo la data muda wote, kila mtu anakuwa ameshika mlango, sio kuufungua upya kila mara.

Mwanzisha uzi, Mbeya mjini
Ndugu zangu nimerudi, Jumamosi nzima nilikuwa ofisini na mhasibu. Nilianza na kipimo cha fundi wa Uyole, MB 100 zikachukua karibu dakika mbili. Kopi ya ndani ikakimbia vizuri. Tukafuata waya mmoja mmoja mpaka nyuma ya kabati la mafaili, tukakuta kile tulichokuwa tunakiita swichi miaka yote ni habu ya Mbps 10, hata sio mia, imejaa vumbi na mashine zote tano zimechomekwa hapo. Ndo maana mtu mmoja alikuwa anakwenda na watatu wanakwama, wote walikuwa wanagombania njia moja nyembamba. Nimenunua swichi ndogo ya milango minane pale Kabwe, sekunde kumi na moja sasa.

Data nimehamishia Windows 7 ya mapokezi, Windows 10 imeingia mara moja. Nimegawa faili kama dada wa Mbozi alivyoeleza, dada asante sana, bakapu inakwenda kwenye flashi mbili kila jioni na moja inatoka nje ya jengo. Indeksi kwenye namba ya mwanachama ilikuwepo, kwenye jedwali la marejesho haikuwepo, nimeiweka. Jumatatu tulikuwa watu wanne ndani na hakuna aliyesubiri. Bodi nimewaandikia barua, wamekubali inunuliwe mashine moja tu ya kuhifadhi data pamoja na UPS yake, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, zingine tutaona mwakani.

Kimebaki kimoja, XP ya dirisha la pili inakokota hata kwenye kopi ya ndani. Nimeangalia DMA iko sawa, diski nzima, ila RAM ni MB 512. Mwenye kipande cha RAM aina ya DDR ya zamani, ile ya kwanza kabisa, hapa Mbeya au hata Tunduma aniandikie, nitakifuata mwenyewe.