Mbeya: Tawi likiwa limekufa mnampa mwanamke, likifufuka mnaleta mwanaume!

Wakuu, nina hasira na sitazunguka.

Nipo uhasibu kwenye kampuni ya pembejeo hapa Mbeya, ghala letu liko Uyole. Jina la kampuni naliacha. Meneja aliyepita, mwanaume, aliondoka akituachia mawakala wa Mlowo, Vwawa hadi Rujewa wanadaiwa mamilioni, na mbolea ya kupandia iliyofika Januari mahindi ya watu yameshaota. Nani ananunua DAP Januari? Ikalala ghalani. Wanaume waliokuwa wanaimezea mate nafasi ile wote wakaikimbia, akaambiwa dada mmoja wa mauzo akaimu.

Akakaimu misimu miwili. Kila wakala alimfuata dukani kwake wakapanga malipo baada ya mavuno. Asiye na mdhamini hakupewa mzigo wa mkopo tena. Mbolea aliiagiza mapema ikafika kabla ya mvua za Novemba. Vitabu ninavyo mimi: madeni yameshuka, tawi linaingiza faida. Sasa makao makuu Dar wametuletea meneja mpya, kijana wa kiume ambaye Mbozi hajawahi kukanyaga. Sababu tuliyopewa kikaoni, dada mwenyewe akiwa amekaa pale: "Tulijaribu mwanamke, mwaka wa kwanza tukapata hasara."

Hasara ile ni yake? Mbolea ya Januari aliiagiza yeye?

Mchezo huu haukuanzia Uyole. Mwaka 2005 Michelle Ryan na Alex Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichambua kampuni kubwa za soko la hisa la London, baada ya gazeti kudai kwamba wanawake kwenye bodi wanaziporomosha. Wakakuta kwamba soko lilipokuwa linashuka, kampuni zilizoteua wanawake zilikuwa zimeshafanya vibaya miezi mitano kabla ya uteuzi. Yaani mwanamke aliitwa moshi ukiwa umeshatanda!

Sisemi mwanamke akiwa bosi faida inakuja yenyewe. Taasisi ya Peterson ya Marekani, 2016, iliangalia kampuni karibu 22,000 za nchi 91. Mkurugenzi mkuu kuwa mwanamke peke yake hakukuonyesha tofauti. Faida ilikuwa kubwa zaidi pale wanawake walipokuwa wengi kwenye safu nzima ya uongozi wa juu. Kwetu wakuu wa idara wote ni wanaume, halafu huyu mmoja ndiye kipimo cha wanawake wote wa Tanzania?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa jinsi yake. Dada hajafukuzwa, karudishwa mauzo, kwa hiyo najua ana siku 60 kufika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, na zimeshaanza kuhesabika. Aliyewahi kupeleka shauri la namna hii CMA Mbeya aseme hapa aliambatisha nini. Muhtasari wa kikao ninao, na hesabu za miaka yote mitatu nitazitoa mwenyewe.