Mjadala: Dawa ya saratani ijaribiwe kwanza nje ya mwili wa mgonjwa?

Ndugu zangu wa Lamu, nauweka mjadala huu wazi kwa kuwa hapa kwetu nasikia hoja moja tu: hayo ni mambo ya anasa ya Ulaya, sisi tupiganie kwanza dawa zenyewe zipatikane. Siikubali.

Jambo lenyewe ni hili. Kinofu cha uvimbe kikishatolewa, hukatwa vipande visivyofika hata nusu milimita kwa unene, vikawekwa ndani ya kifaa chenye vijia vyembamba vya kupitisha maji ya lishe. Seli hukaa hai siku kadhaa. Kila kipande hutiwa dawa yake, watafiti wakatazama ipi inaua saratani na ipi inapita bure.

Leo dawa hiyo inajaribiwa wapi? Mwilini mwa mgonjwa. Anatundikiwa sisplatini, dawa kali ya saratani, anatapika, figo na masikio yanaweza kuharibika, na baada ya mizunguko kadhaa ndipo anaambiwa uvimbe haukusikia dawa. Wakati huo shamba limeshauzwa. Mnaoita kipimo hiki anasa, hesabuni na gharama hiyo.

Kweli, kipande si mtu. Ndani ya kifaa hamna ini wala kinga yote ya mwili, kwa hiyo jibu lake ni dalili tu, lilinganishwe na yanayowapata wagonjwa wenyewe.

Kinachonikera mimi ni njia. Kinofu cha kipimo cha kawaida hutiwa formalini, maji ya kemikali ya kukihifadhi kisioze, nayo huua kila seli. Kinofu cha kipimo hiki kipya lazima kisafiri kibichi, kwenye baridi, kifike mapema. Boti hadi Mokowe, barabara hadi Malindi, na Mombasa bado! Maabara ikiwekwa Nairobi peke yake, mgonjwa wa Faza hayumo.

Halafu ridhaa. Mwaka 1951, huko Baltimore, Marekani, seli za mgonjwa wa saratani, Henrietta Lacks, zilichukuliwa bila idhini yake zikasambazwa maabara za dunia; kampuni moja ilipatana na warithi wake mwaka 2023 tu. Sitaki mama yetu atie kidole gumba kwenye fomu ya Kiingereza asiyoielewa.

Sasa semeni. Kinofu kinachobaki ni cha nani? Mgonjwa akifariki, warithi waulizwe? Na masheikh wetu, kizikwe, au kinaweza kuhifadhiwa kwa utafiti akiwa aliridhia mwenyewe? Wauguzi wa Malindi, nanyi nawasubiri.