Naomba ushauri: kirusi cha kuharisha hukaa muda gani kwenye kitasa cha choo?

Ndugu zangu, naombeni ushauri. Mwanangu wa miaka 3 ametapika na kuharisha kwa siku mbili, na daktari anahisi ni norovirusi. Sasa anaendelea vizuri, lakini tumepanga nyumba yenye choo kimoja kwa familia nne, ambamo kitasa, bomba na kopo la kutawazia hushikwa na kila mtu. Utafiti wa mwaka 2020 ulikuta kirusi cha UVIKO-19 kikiwa hai hadi saa 72 kwenye plastiki, ilhali kwenye shaba hakikupita saa 4 (vitasa vyetu, kwa bahati mbaya, si vya shaba). Norovirusi ni sugu zaidi: huweza kudumu siku kadhaa, hata wiki, na vitakasa mikono vya spiriti haviiwezi sawasawa, ndiyo maana nimerudi kwenye sabuni na maji tiririka.

Aliyewahi kuuguza nyumbani anieleze: mlichanganya klorini kwa kipimo gani, mliiacha kwenye kitasa dakika ngapi kabla ya kufuta, na mliendelea siku ngapi, ikizingatiwa kwamba virusi hutoka kwenye kinyesi hata dalili zikiisha? Na majirani niwaelezeje bila kuwatia hofu?